Kadi ya kliniki: Mstari wa katikati si alama ya kufaulu

Kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto, swali linaloulizwa kuliko yote ni, "Wako ana kilo ngapi?" Linaulizwa kwa nia njema, lakini jibu lake huwaacha wengi na mawazo. Mama ambaye mtoto wake wa kiume wa mwaka mmoja ana kilo nane na nusu, akikaa jirani na mwenye wa kilo kumi na moja, anarudi nyumbani akijiuliza amekosea wapi. Jioni anaanza kumlazimisha mtoto uji. Wiki inayofuata mama mkwe anashauri maziwa ya kopo, jirani anashauri dawa ya minyoo, na mtoto mwenyewe anaendelea kugonga sufuria kwa mwiko kama kawaida yake.

Mwenye mtoto wa kilo kumi na moja naye anaondoka kifua mbele, hata kama mwanawe hajaongeza gramu 100 kwa miezi mitatu.

Wote wawili wameangalia namba moja tu. Kadi waliyoshika mkononi ina chati, na chati hiyo ilichorwa kuonyesha jinsi uzito wa watoto wenye afya unavyotawanyika, kuanzia walio wadogo hadi walio wakubwa. Wazazi wengi huiona kila mwezi bila kuelezwa mistari ile iliyopinda imetoka wapi. Si kosa lao. Foleni ni ndefu, muuguzi ni mmoja, na anachoweza kusema mara nyingi ni "anaendelea vizuri" au "mwongezee chakula".

Visoda 100 sakafuni

Njia rahisi ya kuielewa chati hiyo ni kuijenga upya kwa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda ambavyo watoto huchezea.

Fikiria watoto wa kiume 100 wenye afya, wote wametimiza miezi 12 leo. Chora mstari sakafuni, uuwekee alama za kilo kuanzia 6 hadi 13. Kila mtoto akipimwa, weka kisoda kimoja juu ya kilo zake. Wakilingana wawili, kisoda cha pili kinakaa juu ya cha kwanza.

Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani (WHO), ukimaliza utakuta hivi. Visoda kama 34 viko kati ya kilo 8.6 na 9.6. Vingine 34 viko kati ya 9.6 na 10.8. Hao ni 68, yaani zaidi ya theluthi mbili ya watoto wote, wamejazana katikati. Kushoto kwao, kati ya kilo 7.7 na 8.6, kuna 14. Kulia, kati ya 10.8 na 12, kuna 14 wengine. Waliobaki ni wawili walio chini ya 7.7 na wawili walio juu ya 12.

Ukisimama pembeni utaona kilima: kirefu katikati, kinachoteremka taratibu pande zote mbili. Wataalamu wa takwimu huliita umbo hilo kengele. Kwa uzito, kengele hiyo imelala kidogo. Kutoka katikati kwenda kushoto hadi wale wawili wa mwisho ni kilo 1.9, lakini kwenda kulia ni kilo 2.4, kwa sababu mwili una nafasi kubwa zaidi ya kunenepa kuliko ya kukonda.

Sasa mtoto wa kilo nane na nusu yuko wapi? Yuko upande wa kushoto wa kilima, pamoja na wenzake 14, na wote hao ni watoto wenye afya. Mwenye kilo 11 naye yuko kwenye kundi la wengine 14 upande wa kulia. Tofauti yao ni kilo mbili na nusu, na hakuna anayestahili kulaumiwa wala kupongezwa kwa hilo peke yake.

Mstari wa katikati, ule wa kilo 9.6, unagawa visoda nusu kwa nusu. Maana yake watoto 50 kati ya 100 wenye afya kamili wako chini yake, na lazima iwe hivyo. Huwezi kupata katikati bila kuwa na nusu upande mmoja. Hata hivyo mzazi anayeuona umekolezwa kwenye kadi huuchukulia kama alama ya kufaulu mtihani, na mtoto aliye chini yake anahesabika amefeli.

Kilima kuwa mistari

Mtoto hupimwa tangu kuzaliwa hadi miaka mitano. Ukijenga kilima cha visoda kwa kila mwezi utapata vilima 60, na hakuna kadi inayoweza kuvibeba. Kwa hiyo wachoraji wa chati walifanya ujanja: walivilaza vilima hivyo kimoja baada ya kingine, kisha wakaunganisha sehemu zinazofanana. Vilele vya katikati vyote vikaunganishwa kuwa mstari mmoja. Mahali ambapo wanabaki watoto wawili upande wa kushoto pakawa mstari mwingine, unaoandikwa −2 kwenye kadi nyingi. Upande wa kulia ukawa +2.

Ndiyo maana mistari inapanda kwa kasi miezi ya mwanzo halafu inalala. Mtoto wa kiume wa katikati huzaliwa na kilo 3.3, anafika 7.9 kwa miezi sita, lakini miezi sita inayofuata anaongeza kilo 1.7 tu. Mzazi aliyezoea kuona kilo zikiruka kila mwezi huingiwa na wasiwasi mtoto akishafika miezi minane, kumbe mstari wenyewe ndivyo unavyokwenda.

Na ndiyo maana pia mistari inaachana kadiri umri unavyokwenda. Watoto wachanga hawatofautiani sana kwa kilo, lakini wa miaka minne wanatofautiana sana.

Mstari wa −2 si ukuta. Kati ya watoto 100 wenye afya, wawili hivi wako chini yake kwa maumbile tu. Lakini kwa kuwa ni wachache kiasi hicho, mtoto akionekana huko ni busara kwa mhudumu kuuliza zaidi: anakula nini, amekuwa akiharisha, ananyonyaje, wazazi wake wana maumbo gani. Chini ya −3 ni jambo jingine. Huko hupatikana mtoto mmoja tu mwenye afya kati ya karibu 1,000, hivyo anayeangukia huko hasubiri kliniki ya mwezi ujao.

Wavulana na wasichana wana vilima tofauti. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 7.2, akiwa msichana yuko juu ya mstari wa −2, ambao kwake ni kilo 7.0. Akiwa mvulana yuko chini yake. Kadi zinatofautiana, lakini zenye chati mbili kwa kawaida humtenga msichana na mvulana kwa rangi au kichwa cha ukurasa, na kwenye foleni yenye haraka nukta huweza kuwekwa ukurasa usio wake. Mzazi ana haki ya kutupia jicho.

Wasichana wawili

Nukta moja inaonyesha mtoto amesimama wapi kati ya wenzake. Nukta tatu zinaonyesha anaelekea wapi, na hilo ndilo lenye uzito.

Chukua mfano wa wasichana wawili. Wa kwanza ana kilo 6.1 akiwa na miezi sita, 6.9 akiwa na miezi tisa, na 7.5 akitimiza mwaka. Ni mdogo. Kwenye benchi ataonekana mdogo kuliko karibu wote. Lakini ukiunganisha nukta zake, zinapita kati ya mstari wa −1 na wa −2 mwaka mzima, sambamba na mistari yenyewe. Huyu amechagua njia yake na anaifuata.

Wa pili ana kilo 7.9 kwa miezi sita, juu ya mstari wa katikati wa wasichana ambao ni 7.3. Kwa miezi tisa ana 8.1, chini kidogo ya katikati. Kwa mwaka mmoja bado ana 8.1, wakati mstari wa katikati umefika 8.9. Ni mzito kuliko mwenzake kwa gramu 600, na kwa macho bado ana mashavu. Lakini wenzake wa kilima kimoja wamemwacha, na nukta zake zimelala huku mistari ikipanda.

Wa kuitiwa daktari ni huyu wa pili. Pengine alianzishiwa uji mwepesi wa maji mengi, pengine aliharisha mara mbili bila kurudishiwa nguvu, pengine mama alirudi kazini na mtoto ananyonya usiku tu. Chati haijui sababu. Inachojua ni kwamba kuna kitu kilibadilika baada ya miezi sita, na inaonyesha hivyo mapema, kabla mashavu hayajaanza kupungua.

Wazo la kumwachia mama kadi akae nayo nyumbani badala ya kuifungia kwenye kabati la hospitali lilienezwa na daktari Mwingereza, David Morley, aliyefanya kazi vijijini magharibi mwa Nigeria kuanzia miaka ya 1950. Alitaka mama mwenyewe auone mwelekeo. Inasikitisha kwamba miongo mingi baadaye kadi zipo majumbani, zimehifadhiwa vizuri kwenye mifuko ya plastiki, lakini nyingine zina kilo zilizoandikwa pembeni tu, bila nukta hata moja kwenye chati.

Nani alipimwa?

Kila chati ya aina hii ina swali linalopaswa kuulizwa kwanza: visoda vile ni vya watoto gani?

Kwa karibu miaka 30 kliniki nyingi duniani zilitumia chati ya Marekani iliyotoka mwaka 1977. Sehemu ya watoto wachanga ilitokana na watoto wa eneo moja la jimbo la Ohio, wengi wao wakinyweshwa maziwa ya kopo. Ilikuwa chati halali ya watoto wale. Tatizo ni kwamba mtoto anayenyonya maziwa ya mama hakui kwa mwendo huohuo. Miezi ya mwanzo huongezeka haraka, kisha kuanzia mwezi wa tatu au wa nne hupunguza kasi. Akiwekwa kwenye chati ya watoto wa kopo, anaonekana ameanza kudhoofika wakati hana tatizo lolote. Akina mama wengi waliambiwa maziwa yao hayatoshi, wakaanza kuchanganya uji na kopo kabla ya miezi sita. Mtoto alikuwa mzima, ila alilinganishwa na wasiokuwa wenzake.

WHO ikaamua kuanza upya. Kati ya 1997 na 2003 watoto wapatao 8,500 walipimwa katika miji sita: Pelotas nchini Brazil, Accra nchini Ghana, Delhi nchini India, Oslo nchini Norway, Muscat nchini Oman na Davis nchini Marekani. Walichaguliwa watoto ambao mama zao walinyonyesha, hawakuvuta sigara, na familia zao hazikuwa na dhiki ya kuzuia ukuaji. Chati mpya zikatolewa Aprili 2006, na ndizo zilizosambaa duniani tangu hapo.

Katika kazi hiyo kulikuwa na jambo ambalo kila mzazi wa Afrika Mashariki angependa kulijua. Watafiti walipochambua urefu wa watoto hao, waliona kwamba asilimia 70 hivi ya tofauti zote ilikuwa kati ya mtoto na mtoto ndani ya mji mmoja. Tofauti kati ya mji na mji ilichangia asilimia 3 tu. Kilima cha watoto wa Accra, cha Muscat na cha Oslo vilikaa karibu mahali pamoja. Wakilishwa vizuri na kukingwa na maradhi, watoto wa mabara tofauti hukua kwa kulingana hadi miaka mitano.

Kilima kinapohama

Weka matokeo hayo kando ya takwimu za nyumbani. Mtoto huhesabiwa amedumaa urefu wake ukiwa chini ya mstari wa −2 kwa umri wake. Kwa watoto wenye afya tunatarajia wawili hivi kati ya 100. Tanzania, mwaka 2010, walikuwa 42. Utafiti wa 2015/16 ukakuta 34, na wa 2022 ukakuta 30. Kenya walikuwa 26 mwaka 2014 na 18 mwaka 2022. Idadi inashuka, na hilo ni la kushukuru, lakini 30 bado ni zaidi ya mara kumi ya wale wawili.

Asilimia hiyo husomwa kama vile kuna watoto 30 wenye tatizo na 70 wasio nalo. Ukichora visoda vyao utaona picha nyingine. Hakuna kundi la watoto 30 lililojitenga kushoto peke yake. Kilima chote kimesogea, kilele na mteremko, kuelekea kushoto. Mtoto ambaye angekuwa juu ya katikati yuko chini yake, na aliyekuwa chini kidogo amevuka mstari. Wengi wa wale 70 wamepoteza sentimita zao pia, ila hawajapoteza za kutosha kuhesabiwa.

Mkoani Iringa, utafiti wa 2022 uliwakuta karibu watoto 57 kati ya 100 wamedumaa. Njombe na Rukwa ni kama nusu. Ni mikoa inayolima na kulisha wengine. Hapo ndipo macho ya jirani yanapodanganya kuliko mahali popote. Mtoto akiwa na urefu sawa na wenzake wa mtaani, na zaidi ya nusu ya wenzake wamedumaa, ataonekana wa kawaida kabisa. Hakuna atakayesema "mbona wako mdogo?" Wazee watasema ukoo huu ni wa watu wafupi, na kwa mtoto mmojammoja inaweza kuwa kweli, kwa kuwa urefu wa wazazi huchangia. Kwa mkoa mzima si kweli.

Udumavu mwingi huanza tumboni na kumalizika kujijenga kabla ya miaka miwili. Mtoto huyo hana lazima ya kukonda. Anaweza kuwa na tumbo limeshiba ugali na uzito unaoendana na urefu wake, ndiyo maana mizani peke yake haimwoni. Anahitaji kupimwa urefu, kipimo ambacho wazazi wengi hawajawahi kukiuliza. Katika sahani yake kinachokosekana mara nyingi si wingi bali mchanganyiko: yai, dagaa, maharage, maziwa, mboga na tunda pamoja na huo ugali.

Kilo nane kamili

Chati huonyesha pia makosa ya wapimaji. Ukichora visoda vya uzito uliopimwa kwa uangalifu, kilima kinapanda na kushuka bila mikwaruzo. Ukichora vya mahali ambapo namba zinakadiriwa, utakuta minara: watoto wengi wa kilo 8 kamili, wengi wa 8.5, na karibu hakuna wa 8.3 wala 8.7. Watoto hawazaliwi hivyo. Ni mshale wa mizani uliosomwa haraka, au mtoto aliyekuwa akirusha miguu. Watakwimu hutafuta minara hiyo kabla ya kuamini utafiti wowote wa lishe.

Kwa mzazi, maana yake ni kwamba gramu 200 zilizopungua mwezi huu huenda hazikupungua. Mwezi uliopita mtoto alipimwa na sweta na nepi iliyolowa. Mwezi huu kavuliwa. Kabla ya kuogopa, omba arudiwe kupimwa, akiwa na nguo nyepesi na mizani ikianzia sifuri.

Umri nao hupotosha. Mtoto wa miezi 10 na nusu akiwekwa kwenye mstari wa 12 anaonekana mdogo bure. Aliyezaliwa kabla ya wakati huonewa zaidi: aliyewahi kwa miezi miwili, akifikisha miezi sita tangu kuzaliwa, anapaswa kusomwa kwenye mwezi wa nne, na hesabu hiyo huendelea hadi miaka miwili. Mzazi wake aikumbushe kila anapokutana na muuguzi mgeni.

Panapokosekana mizani, kuna utepe wa kupima mzingo wa mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu na ni dharura. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Utepe huo hautoi mwelekeo wala nafasi ya mtoto kwenye kilima. Kazi yake ni kumnasa aliye hatarini leo.

Jambo la mwisho huwashtua wanaofuatilia chati ya urefu kwa makini. Hadi miaka miwili mtoto hupimwa amelazwa kwenye ubao. Baada ya hapo hupimwa amesimama, na mtu yeyote akisimama hupungua kidogo kuliko akilala. WHO imeweka tofauti hiyo kuwa sentimita 0.7. Mvulana wa katikati anaingia siku yake ya kuzaliwa ya pili akiwa na sentimita 87.8 na kutoka na 87.1, na mstari wenyewe kwenye chati una kidaraja mahali hapo. Mtoto hajarudi nyuma. Amesimama tu.